Vitaa Mia Moja na Kumi na Viwili

Nimevibandua kutoka utepe wa duka la simu lililofungwa
huko Oruro, mtaa wa pili kutoka sokoni,
nikavihesabu kwa ncha ya kijiko juu ya meza ya jikoni
kama mtu anayechambua mchele.
Viwili vilikuwa vimekufa.
Bado navihesabu pamoja na wenzao.

Baridi ya huku milimani hailali.
Risasi inaganda kabla haijashika waya,
na Limber, mdogo wangu, ameng'ata tochi kwa meno,
mikono yake kaificha kwapani.
"Usitikise," namwambia.
"Si mimi," anasema, "ni meno."

Kazi yenyewe si uchawi:
maikrofoni, kijisikio kisichozidi punje ya dengu,
transista, rezista za mistari ya kahawia, nyeusi na chungwa,
betri ya pikipiki iliyokwisha safari zake.
Ngoma ikidunda, mlango unafunguka, umeme unapita.
Ngoma ikinyamaza, mlango unajifunga.
Miaka miwili nilikaa chuoni, hadi ada ikatushinda;
mlango huu mmoja niliondoka nao.

Kinyago ni cha baba.
Macho yamemtoka kama aliyekabwa, ulimi nje,
masharubu ya bati.
Kila mwaka hukivaa, pamoja na vazi la kilo ishirini na tano,
akacheza kilomita nne hadi miguuni pa Bikira wa Mgodini,
yeye na wenzake waliotoka shimoni wakiwa hai.
Mwaka huu nataka macho yawake kwa kila dundo,
ili hata shangazi Eulogia, mwenye mtoto wa jicho,
ajue nduguye ni yupi.

Tukafungulia redio. Tuba, matoazi, ngoma kuu:
du, macho mekundu.
Du, macho mekundu.
Limber akaitema tochi kwa kicheko.
Mbwa alitoka nje, hakurudi hadi asubuhi.

Basi baba akakivaa.
Nikazima redio, nikangoja giza.

Macho yakawaka.

Yakazimika. Yakawaka tena, upesi,
yakachechemea, yakafuatana mawili mawili,
kisha kitu kama kukwama,
kisha mwako mmoja mrefu.
"Imeharibika," akasema Limber.
Nikapima waya wote. Hakuna ulioharibika.
Ile punje ya dengu nilikuwa nimeigundisha kwa ndani,
vidole viwili kutoka mdomoni mwake.

Vumbi la miaka kumi na tisa
alikuwa akituambia ni mafua.
Mafua ya msimu, mafua ya mvua, mafua ya uzee,
naye alijua kukohoa kwa adabu, akigeukia ukuta.
Sasa ukuta wenyewe ulikuwa mwekundu
ukitusomea pumzi moja baada ya nyingine,
fupi, fupi, fupi.
Hakuna aliyesema neno.
Angesema, taa ingemjibu.

Baba akakivua kinyago taratibu,
akakilaza kifudifudi mezani
kama anayefunika sahani ya mgeni asiyefika.
"Hicho kijisikio kihamishie nje," akasema.
"Kisikie bendi, si mimi."

Nilikihamisha. Nyuma ya sikio la kushoto, chini ya manyoya,
nililehemu upya saa nane za usiku
na kidole kikaungua, sikukitoa.
Jumamosi aliwaka sawasawa na ngoma.
Watu walipiga makofi.
Shangazi alimpungia mkono mtu sahihi.
Nami nilitembea kando yake kilomita zote nne,
chupa ya maji mkono mmoja, bisibisi mkono wa pili,
macho yangu kwenye mabega yake.

Kila bendi ilipopumzika, vitaa vilizimika
kama vilivyoagizwa.
Hapo ndipo nilipohesabu.