Figo la Kushoto

Nilikojoa wekundu, nikasema kichocho:
Mto Zigi unanidai deni la utoto.
Nikameza vidonge, nikarudi Ngamiani
kushona suruali za watu.
Haukuuma. Hapo ndipo uliponipata.

Bombo, Daktari Mhina alichora figo
mgongoni mwa bahasha ya picha,
akaweka nukta.
"Saratani. Ukubwa wa limau."
Nikauliza kifundi:
ukikata, kitambaa kitabaki cha kutosha?
"Lililobaki litatosha, Mzee Kiluwasha.
Kama halijatambaa."

Mwantumu hakulia.
Aliilaza bahasha juu ya cherehani,
akapima kwa ukucha
toka nukta mpaka ukingo wa figo,
akapima tena.
Kisha, bila kuinua macho:
"Tangu lini?"

Nikahesabu kwa mifungo.
Miwili.