Jezi Namba Tisa

Mabegi ya wageni yalikwama Kabanga:
karatasi moja, muhuri mmoja, afisa kaenda kula.
Basi likawashusha Nyegezi saa tisa usiku,
wanaume kumi na mmoja, warefu kama nguzo za umeme,
wamevaa kandambili, na mpira mmoja
ambao kocha wao aliupakata toka Bujumbura
kama mtoto mwenye homa.

Asubuhi katibu wetu Lugembe akafungua stoo.
Chini ya magunia ya chokaa ya mistari
kulikuwa na jezi zetu za miaka minne nyuma,
bluu iliyochoka. Panya walikuwa wameonja namba mbili.
Nyingine zilifaa. Zina majina yetu mgongoni,
kwa sababu mwaka ule klabu ya Mwaloni
ilikuwa na mfadhili, na majivuno.

Namba tisa, BUJIKU, akapewa Nduwayo.
Haikumfika kiunoni. Akaivuta, akacheka,
akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Buyenzi:
"Huyu Bujiku alikuwa anapiga?"
Nikamwambia, anapiga bado.

Wakawatoa Geita. Wakawatoa Musoma.
Jumapili wakabaki wao na sisi,
na Kitangiri yote imepanda juu ya mawe,
maana mawe ya Mwanza hayana tiketi.
Mtangazaji Kashinje alipewa orodha ya wageni;
akajaribu jina la kwanza, ulimi ukamteleza,
la pili likamkalia kooni kama mwiba wa sato,
akaikunja karatasi, akawa anasoma migongo.

"Pointi! Bujiku!"
Nami niko upande wa pili wa wavu,
mikono mitupu.

Mara ya kwanza uwanja ulicheka.
Mara ya tano hakucheka mtu.
Alikuwa akiruka anakaa kule juu kidogo,
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata,
halafu anakumbuka, na mpira uko miguuni kwetu.
Mimi na Masalu tuliweka viganja vinne;
alipita katikati bila hodi.
Na kila alipogeuka kuwakumbatia wenzake
nilisoma jina langu
likiniondokea.

Seti mbili, mbili. Seti ya tano, kumi na nne kwa kumi na tatu, wao mbele.
Taa zimewashwa. Ndipo ziwa likatuma wadudu wake,
wingu zima, moshi usio na moto,
puani, masikioni, ndani ya filimbi ya mwamuzi.
Akaamuru taa zizimwe hadi watawanyike.
Tukakaa gizani, timu mbili, chini ya wavu mmoja.
Mtu akatema mate kando yangu. Nduwayo.
"Hawa huliwa?"
"Wapo wanaowala. Sisi tunawafagia."
Akafikiri.
"Mimi nimekula kama thelathini."

Taa zikarudi. Akaanzisha yeye.
Niliuona mpira vizuri, siwezi kusingizia mdudu.
Uligonga mkono wangu, ukapaa, ukaenda kwa watu wa mawe,
nao wakaurudisha.
Pointi hawakuirudisha.

Alinivulia jezi palepale, nzito kwa maji,
akanishika mkono kwa mikono yake miwili,
na sikupata neno la kusema ila safari njema,
ingawa basi lao lilikuwa la Jumanne.

Mama yangu haoni vizuri tangu mwaka juzi.
Alikaa karibu na spika, mchana kutwa, na mtandio wake.
Nyumbani akaipapasa ile jezi kwenye kiti:
"Leo umetoa jasho, mwanangu."
Akaniwekea kichwa cha samaki, cha kwangu peke yangu.
"Nimehesabu. Mara ishirini na mbili wamekuita.
Marehemu baba yako hakuwahi kuitwa hivyo hata siku ya kodi."

Nikamega ugali.

"Ila kitu kimoja sielewi," akasema.
"Na pointi zote hizo,
mbona kikombe kimeenda kwa wageni?"

Nikamwomba chumvi.