Friji ya Chatu

Kazi yangu, hapa Wete, ni kuwatengenezea watu baridi.
Miaka ishirini na mbili nimechomelea mabomba,
nimejaza gesi, nimesikiliza kompresa zikikohoa
kama mwenye pumu alfajiri.
Sasa ninayo friji moja ambayo kazi yake ni kupasha.

Ilikuwa ya soda, ya duka la Shaame Rehani,
mlango wa kioo, mota imekufa.
Nimeilaza ubavu, nimeitoboa matundu ya pumzi,
na ndani yake analala chatu
aliyekatwa mkia na panga la mchumaji, Mzambarauni,
akaletwa kwangu katika gunia la makonyo
kwa sababu, walisema, wewe si fundi?

Upande wa kulia, nyuzi thelathini na mbili.
Kushoto, ishirini na sita.
Katikati namwachia achague,
maana nyoka hana moto wake wa ndani, huazima;
ukimwazima mwingi kupita kiasi
hana pa kuurudisha.
Balbu nimeifunika chungu kilichotobolewa,
chungu cha Mize cha mchuzi wa papa
(hajanisamehe),
ili joto lishuke bila mwanga,
usiku ubaki usiku.

Unyevu ndio ulionitia adabu.
Kaskazi ya mwaka jana balbu iliikausha hewa hadi arubaini,
nami natazama joto tu, joto, joto,
fundi wa kitu kimoja.
Gamba likamtoka vipande vipande
kama chokaa ya ukuta uliolika chumvi,
na jicho la kushoto likabaki na kigamba,
kioo juu ya kioo.
Siku kumi na tisa hakula.
Nilimkanda kwa kitambaa cha maji vuguvugu,
nikamwambia samahani,
neno ambalo mteja hajapata kulisikia kwangu.

Siku hizi namtandikia makumbi yaliyosagwa.
Nayaroweka, nayakamua kwa ngumi:
yakidondosha, maji yamezidi;
yakimwagika kama unga, yamepungua;
yakishikana yakanyamaza, hapo.
Masika ni kesi nyingine. Sindano hupanda themanini na tano,
kioo kikatoa jasho, gogo likaota ukungu,
malengelenge chini ya tumbo.
Hapo nazibua matundu yote na kumwekea makavu.

Na nje, uani, mke wangu anapigana vita vya upande wa pili.
Majamvi sita ya karafuu. Anatazama mawingu ya Mtambwe,
anavunja karafuu moja kwa ukucha:
ikilia ta, imekauka.
Mimi ndani napulizia maji, yeye nje analaani kila tone.
"Nyumba moja," asema, "huyu aomba mvua, huyu aomba jua.
Mungu amsikilize nani?"
Karibu na friji alikuwa hapiti.
Mtafunwa na nyoka, akaniambia, akiona ung'ong'o hushtuka.
Nikamjibu hajapata kutafunwa.
"Ndiyo nangoja?"

Juzi, katikati ya kipupwe, umeme ukakatika saa nne za usiku.
Si Tukuza, nilikuwa nimeshanunua;
ni kisiwa kizima, giza hadi Konde.
Sindano ishirini na nne. Ishirini na tatu.
Nahangaika na mablanketi
nikasikia jiko la mkaa likipepewa.
Mize katokea na madumu mawili ya maji moto,
kayafunga kwa kanga zake kuukuu,
kayatua hatua tatu kutoka mlangoni.
"Usiyagusishe na ngozi yake, yatamuunguza."
Akaenda zake kulala.

Wiki ile macho ya chatu yakawa maziwa, kisha yakang'aa,
na Ijumaa gamba likatoka zima,
soksi ya mtu asiye na haraka.
Nikalinyoosha juu ya jamvi la karafuu:
dhiraa tatu na shubiri.
Nilikimbilia kichwani kwanza.
Vioo viwili, vyote vimo.
Mize akachutama upande wa pili,
akalibinya ncha kwa ukucha,
akasikiliza.
"Bado bichi," akasema. "Lianike."