Guni

Aberystwyth, Februari. Mvua inaipiga maktaba ubavuni.
Tangu asubuhi nasaka neno gath.
Kamusi inaapa halimo.

"Ni paka huyo," asema Bi Nerys, "mtafute kwenye C.
Neno letu likiguswa na jirani
hubadili kichwa."

Nikamkumbuka Rhodri, mwanafunzi wangu wa Jumanne,
aliyepekua M nzima akitafuta macho,
nami nikamwacha ahangaike
hadi alipolikuta moja, kwenye J, likimkodolea.
Mkuki kwa nguruwe.

Kisha Bi Nerys akafungua daftari la babu yake, mkata mawe,
akanisomea.
Sikuambulia hata robo.
Ila mkono wake wa kushoto, pale mezani,
gumba likigusa vidole kimoja baada ya kingine,
mizani saba, saba, saba.
Mjomba Shekue alihesabu hivyo hivyo
nyuma ya risiti za duka lake, Pangani.

"Mstari wa sita," nikasema, "una guni."

Akahesabu. Akarudia.
Miaka arobaini anaupenda mstari ule.
Akachukua penseli, akaandika pembeni,
polepole, kama jina la mgeni:
guni.

"Na wingi wake," akauliza, "nautafutia wapi?"