Siku Kumi na Moja za Oktoba

Tuliandika nyuma ya daftari la Hisabati la Nduku,
kurasa alizoziacha tupu alipoingia darasa la nne:
unga, tokeni za stima, maji ya Jumanne na Ijumaa,
mchango wa mazishi ya shemeji wa mtu,
na juu kabisa, kwa wino mwekundu, Benki.
Elfu thelathini na nane, mia nne.
Miaka kumi na mitano, vyumba viwili Komarock,
ukuta mmoja na jirani anayekohoa alfajiri.

Wazo la kulipa zaidi lilikuwa langu.
Musembi alicheka, akaweka kikombe chini.
"Wakesho, deni ni mgeni wa heshima,
humsindikizi kabla hajaaga."
Nikamwambia mgeni huyu anakula usiku
sisi tukiwa tumelala.

Basi gesi tukaiachia chai tu;
maharagwe yakachemkia makaa, sufuria nzima, mara moja kwa wiki.
Nilifumua kola za mashati yake, nikazigeuza,
upande uliochakaa ukatazama ndani.
Naye akaacha kununua gazeti,
akawa analisoma kwa kinyozi, la juzi,
akirudi nyumbani na habari zilizopoa.

Elfu tatu kila mwezi, miezi mitano.
Wa sita nikaenda kuuliza.
Deni lilikuwa limekaa palepale, halijasogea hata kiti.
Karani, kijana mwenye kucha safi, akanigeuzia kompyuta:
"Mama, hizi tulizihesabu malipo ya mapema.
Hukuandika barua."
Barua gani?
"Ya kusema ziende kwenye deni lenyewe, si kwenye awamu."

Miezi mitano ya makaa,
na pesa zetu zimeketi sebuleni kwa benki
zikingoja kuitwa kwa jina.

Haba na haba hujaza kibaba, mama alinifunza kule Wundanyi.
Hakusema kibaba ni cha nani.

Nikaandika palepale, kwa kalamu yao iliyofungwa kamba.
Akabonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena.
"Mkopo ulikuwa uishe Desemba," akasema,
"sasa utaisha Oktoba,"
akataja mwaka ambao Nduku atakuwa na miaka ishirini na mbili.

Nilitembea Barabara ya Moi kama mtu aliyeficha kitu kifuani.
Novemba nzima, yangu.
Desemba pia, na sikukuu zake.

Tangu hapo tukawa tunahesabu kwa siku.
Elfu moja, siku nne:
Musembi aliiandika kwa penseli nyuma ya mlango wa choo.
Viatu vya shule, siku sita.
Samaki wa Jumapili, mbili na nusu.
Kwenye harusi ya binamu yangu alininong'oneza,
"Siku kumi, Wakesho, na bibi harusi mwenyewe simjui."
Tulicheka. Tulicheka sana siku zile.

Kisha sokoni, Nduku akashika chungwa,
akalizungusha, akalirudisha juu ya fungu.
"Mama, hili ni siku ngapi?"
Muuzaji akanitazama.
Sikuwa na jibu la kumpa mtoto,
ingawa hesabu niliijua.

Jumamosi alitimiza miaka kumi na mmoja.
Nikamwambia muoka keki aandike jina lake lote,
Nduku Mkawasi Musembi, na maua yazunguke,
na ikiwa nafasi haitoshi, aongeze keki.
Elfu mbili na mia nane.

Musembi aliliona kasha. Akafungua daftari,
akatafuta kalamu, akalifunga.
"Siku kumi na moja," akasema.
"Za Oktoba," nikasema.

Tukazila, mpaka makombo ya pembeni.
Jirani akakohoa ng'ambo ya ukuta,
Nduku akampelekea kipande kwenye kisahani:
siku moja,
labda na nusu.