Haujalala Hapa

Mwaka huu sikutwanga mizizi.
Kazi ilinishika hadi mkesha wa Noeli, saa kumi na moja,
mvua ikipiga mabati ya Katuba,
nikaingia dukani, nikatoka na chupa sita
za munkoyo wenye vifuniko vyekundu
na picha ya kibuyu ambacho hakijawahi kuona moshi.

Nikaumimina ndani ya ndoo ya mama,
nikafunika kwa kitambaa chake,
nikakaa kimya kama mwizi aliyekaribishwa mezani.

Shangazi Numbi alikunywa funda moja.
Akatazama dari. Akalamba mdomo.
"Huu," akasema, "haujalala hapa."

Ni kweli. Wa mama ulilala nasi:
uji ukipoa nyuma ya mlango, mizizi ikiulegeza,
na sisi, watoto saba kwenye mkeka,
tukiusikiliza gizani ukipumua
pwu,
pwu,
hadi asubuhi.
Ulikuwa na makapi. Mwaka mmoja ulichacha mno,
baba akacheka peke yake katikati ya misa.

Lakini wajukuu walimaliza ndoo,
na shangazi, nilimwona, alirudia kikombe mara tatu,
kila mara akilalamika.

Bonane alikuja na zile chupa. Alikuwa ameziosha,
zimejaa wa kwake, mzito, rangi ya mchanga uliolowa.
Karatasi hakuzibandua.
Kazini Mujinga alionja, akageuza chupa, akasoma:
"Wanauza duka gani huu?"
Nilikaza kifuniko polepole.
Ulikuwa bado unapumua.