Bahasha ya Katungu

Kwanza alitaka nimwandikie bei tu.
Mita mia nne za mtaro, Majengo,
mawe ya volkano, saruji, mchanga.
Nikamwuliza: na chukudu?
Na kijana anayeisukuma, yeye hali chakula?
Akacheka. Tukaongeza mstari.

Karatasi zilidai mengi kuliko mtaro wenyewe:
dhamana ya benki, mashine ya kukoroga zege,
kazi tatu za serikali zilizokwisha kamilika.
"Nani atanipa ya kwanza," akasema,
"ikiwa kila mtu anadai ya tatu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na ukurasa wa kumi na tisa,
kifungu kidogo chini, karibu kimezwe na muhuri:
wadogo wanaruhusiwa kuungana.
Usiku uleule tukamwamsha Paluku wa kokoto
na Nabintu, fundi chuma wa Ndosho.
Umeme ukakatika tukiwa kwenye jumla;
tukamalizia kwa tochi ya simu.

Asubuhi bahasha za wengine zilikuwa nene, nyeupe.
Yake ilikuwa na vumbi jeusi pembeni,
alama ya kidole gumba.
Karani akaipangusa. Haikutoka.

Kama watapewa, sijui.
Najua bei yao ilisomwa kwa sauti,
na wenye magari wakageuka
kumtazama mwanamke wa viatu vya mpira
aliyekuwa akipima ukumbi kwa hatua zake,
polepole, toka dirishani hadi mlangoni,
akitafuta maji yangepitia wapi.